Baba Alinifundisha Mbio Akiwa Amenipa Kisogo

Heri ya Sabato tena, jameni. Najua chakula cha mchana kilikuwa kizito na wengine macho yameanza kujifunga, lakini naomba mnivumilie kidogo. Wale wa nyuma mnanisikia? Haya. Mzee wa kanisa, asante kwa nafasi hii, na asante zaidi kwa kukubali kuzima kile kipaza sauti cha nje. Baba yangu mzazi na baba mkwe wangu wametoka, wameketi kule upande wa jikoni, na sitaki wasikie. Si kwamba hawajui nitakayosema. Wanajua vizuri. Ila kujua ni kitu kimoja, na kumsikia binti yako akiyatamka mbele ya watu ni kitu kingine.

Wageni wetu mliotoka mbali, ndio maana nazungumza Kiswahili leo, nikikosea mnisamehe. Sisi Wagusii tuna kitu tunaita chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya. Baba na binti yake hawaongei mambo ya mwili. Mama na mwanawe wa kiume hali kadhalika, na wakwe ndio usiseme. Lakini babu na mjukuu wake, hao ni marafiki. Hao wanataniana, wanaambiana lolote, hata yale ambayo wewe mzazi ukisikia unajifanya umeenda kufunga ndama. Shikeni hilo tafadhali, bila hilo hamtanielewa.

Mimi ni mtoto wa mkimbiaji. Wenyeji mnazijua zile mbio zetu za Kebirigo, za Desemba, watu wa Nairobi wakisharudi nyumbani. Zinaanzia sokoni, zinateremka mpaka mtoni, zinapanda katikati ya mashamba ya chai hadi juu kwenye mikaratusi, halafu mnashuka kurudi sokoni huku magoti yanalia. Baba yangu akiwa kijana alizikimbia bila viatu akashinda, akapewa blanketi. Marehemu mama yangu alituambia kwamba sisi watoto wake wote tulifunikwa na blanketi lile tulipozaliwa.

Nikiwa msichana wa shule nikasema na mimi nataka kuzikimbia. Nilimwambia mama, sikumwambia baba. Mama akamfikishia. Kesho yake asubuhi nikasikia kikohozi nje ya mlango, kile kikohozi cha kuita mtu. Nikatoka. Ndugu zangu, nawaambia, yule mzee alinifundisha kukimbia bila kunitazama hata siku moja. Angenitazamaje? Nilikuwa nimevaa kaptura ya michezo, na baba hawezi kukodolea macho mapaja ya binti yake. Kwa hiyo alikuwa anasimama kwenye kona ya barabara, ananipa kisogo, anasikiliza miguu. Nikipita nyuma yake anapiga kelele, "Kushoto unaburuta!" Nikipita tena, "Unapumua kama ng'ombe aliyekata kamba!" Watu waliokuwa wakienda kuchuma chai walimwona mzee amesimama anagombeza ua wa shamba la watu, wakadhani amerukwa na akili. Kumbe anasikia kila kitu. Alijua nimechoka kabla mimi mwenyewe sijajua.

Nikakimbia mbio zile, nikashinda upande wa wasichana. Baba alinunua mkate mzima akauweka mezani, hakusema ni wa nini. Tukaula.

Halafu nikaolewa, si mbali, ng'ambo ya mto tu. Mume wangu ni yule pale mwenye koti la kijani. Msimwangalie sana, ana haya. Nilipopata mimba niliendelea kukimbia kidogo kidogo mpaka mama mkwe akaninyang'anya viatu akavificha, kwa upendo lakini. Nilikuwa nimepanga nikishajifungua nirudi barabarani. Nilikuwa kijana, nilidhani mwili ni kitu unachokipangia.

Uchungu ulinishika wakati wa mvua nyingi, na barabara ya kwetu mnaijua ile wakati wa mvua. Wamama waliokuwa nami wakasema mtoto wa kwanza hukawia, tungoje. Tukangoja. Siku ikaisha, nyingine ikaingia, mtoto hatoki. Mwishowe mume wangu na majirani walinibeba kwenye kiti mpaka barabara ya lami. Hospitalini nikapasuliwa, mtoto akatoka mzima, msichana, analia kwa hasira kana kwamba tumemchelewesha kazini. Nilimshukuru Mungu na mpaka leo namshukuru. Wala simlaumu mtu aliyesema tungoje. Tulifanya tulichojua.

Baada ya siku chache nikaona kitanda kimelowa. Nikadhani nimemwaga chai. Nikabadilisha shuka, ikalowa tena. Jameni, wacha niseme waziwazi kwa sababu nilikaa miaka mingi bila kusema: mkojo ulikuwa unatoka wenyewe. Nikikaa unatoka, nikisimama unatoka, nikilala ndio basi kabisa. Sikuweza kuuzuia hata kidogo.

Wengine waliniambia nitapona tu mwili ukirudi. Wengine wakasema kuna mtu amenifanyia kitu. Nikakata leso zangu, hizi kanga zetu, vipande vipande nikawa najifunga. Nikaacha kunywa maji nikidhani shida itapungua, kumbe ndio harufu inazidi. Nikaacha kuja hapa kanisani. Nikaacha soko. Tukienda kuchuma chai nilikuwa nachagua mstari wa mwisho kabisa, ule ambao upepo unatoka kwa wenzangu unakuja kwangu, ili harufu yangu isiwafikie. Hakuna aliyeniuliza kwa nini napenda mstari ule. Au waliniuliza moyoni.

Na mume wangu, namshukuru mbele yenu nyote. Ndugu zake walimwambia aoe mwingine. Aliwajibu, "Huyu hajanikosea kitu." Hayo tu. Halafu akachukua mabati ya zizi la zamani, akanijengea bafu nyuma ya nyumba karibu na migomba, ili nisifue mahali watu wanapita. Lakini hata na yeye hatukuwahi kuliongea hilo jambo kwa maneno. Alijenga bafu, mimi nikalitumia, basi.

Baba alikuwa akipita kwetu siku za soko. Namtolea kiti, anakaa nje, nampelekea uji. Nilikuwa natembea nimebana mapaja, hatua fupi fupi. Nikimkaribia anainamisha kichwa. Nilidhani ni uzee. Sikukumbuka kwamba yule mtu anasikia miguu.

Binti yangu naye akakua, na damu ni damu. Alipofika darasa la sita hashikiki. Babu yake akamchukua akaanza kumfundisha, na huyo, jameni, hakumpa kisogo! Wanatazamana uso kwa uso, anamwita "mke wangu", wanabishana barabarani watu wanasikia. Msichana anamwambia, "Babu, wewe siku hizo ulikuwa unashindana na kondoo," na mzee anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nilikuwa nasikia kicheko kile kutoka shambani, na nilikuwa nafurahi na kuumia kwa wakati mmoja.

Alipokimbia mbio za Kebirigo kwa mara ya kwanza, nilijificha kwenye migomba ya watu kule juu, peke yangu. Nikamwona anapita. Alikuwa wa mbele. Nilitaka kumpigia makofi nikaogopa watu watageuka. Jioni akarudi na ndoo ya plastiki aliyoshinda, akaiweka chini mbele yangu. Akaniuliza, "Mum, kwani mimi nilikukosea nini?"

Nikasema, "Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kila mtu alikuja na mamake."

Nikamwambia nilikuwa na kazi. Akasema, "Kila mara?" Akachukua ile ndoo akaenda nayo mtoni. Hicho ndicho kitu kilichoniumiza kuliko mkojo wenyewe. Mtoto niliyemzaa kwa taabu ile alikuwa anadhani simpendi.

Kumbe alienda kumuuliza babu yake. Na babu alikuwa na jambo moyoni. Asubuhi moja akikamua ng'ombe alikuwa amesikia kwenye redio, kwa lugha yetu kabisa, muuguzi akieleza kwamba mama anayevuja mkojo baada ya kujifungua anaweza kutibiwa, na kwamba madaktari wa kazi hiyo watakuja Kisii. Sasa mzee atamwambia nani? Mimi hawezi. Mume wangu ni mkwe wake, hawezi. Mama yangu ndiye angeileta habari hiyo, na mama alikuwa ameshatuacha. Akabaki na mjukuu.

Tulikuwa tunachambua mboga ya chinsaga mlangoni. Binti yangu akasema, bila kuniangalia, "Mum, Babu amenituma. Ati kuna madaktari wanakuja hospitali kule Kisii, wanatibu akina mama ambao hawawezi kushika mkojo."

Nilimfokea. Nikamuuliza nani amemfundisha kuongea upuzi, hana adabu, amekua lini. Hakuinuka. Akaniacha nikamaliza, halafu akasema, "Mum, nyumba yetu ni ndogo. Ulidhani sikusikii ukiamka kubadilisha? Nimejua tangu niko darasa la tatu. Nilikuwa nangoja tu uniambie."

Nikalia, ndugu zangu. Nililia pale mlangoni na mboga miguuni, na yeye akaendelea kuchambua majani pole pole.

Sasa mtadhani nilienda. Wapi! Nilikataa. Nikasema watanivua nguo mbele ya wanafunzi wa udaktari. Nikasema nitaonekana kwenye foleni na mtu wa huku. Lakini hizo zilikuwa sababu za mdomoni. Sababu yenyewe ni kwamba nikienda na wakashindwa, nitarudi na nini? Nisipoenda, angalau nilikuwa bado na neno "labda". Nililishika hilo "labda" kwa mikono miwili.

Siku ya madaktari ikafika. Asubuhi nikasikia kikohozi langoni.

Nikatoka. Baba amevaa koti lake la harusi za watu, na kofia. Nikamletea kiti, hakuketi. Akageuka. Akanipa kisogo pale pale langoni, uso umeelekea barabarani. Akasema, "Nasikiliza."

Nikadhani anataka nizungumze.

Akasema tena, kwa ile sauti ya kugombeza ua wa watu, "Nasikiliza miguu. Tembea!"

Mimi mwanamke mzima, mama wa mtoto mkubwa. Nawaambia, miguu ilimtii kabla kichwa hakijakubali. Nikaanza kutembea nikilia. Kumbe mume wangu na binti yangu walikuwa wamenifungia mfuko tangu jana yake, leso, kandambili, sabuni, kila kitu. Walikuwa wamekubaliana wote watatu na mimi sijui. Tukaenda hivyo: mzee mbele, hageuki, mimi katikati, binti yangu nyuma na mfuko. Nikipunguza mwendo mzee anasema "Kushoto!" na tunaendelea. Tukapita katikati ya soko la Kebirigo hivyo hivyo. Watu wakatuangalia. Waache waangalie.

Tukapanda matatu mpaka Kisii, na tulipofika kwenye lango la hospitali akasimama. Mimi niko hapa, yeye yuko pale, mjukuu katikati yetu. Akamwambia mjukuu, "Mwambie mama yako mimi siingii huko. Mwambie nitakuwa hapa." Na huyo mtoto akanigeukia, mimi niliyesikia kila neno, akasema, "Mum, Babu anasema haingii huko, atakuwa hapa." Nikacheka. Mara ya kwanza kucheka baada ya muda mrefu sana, na nilikuwa naenda kupasuliwa.

Miaka yote ile nilidhani niko peke yangu duniani. Wodi ilikuwa imejaa! Kulikuwa na nyanya mmoja wa upande wa Nyamarambe aliyekuwa anavuja tangu kabla mimi sijazaliwa. Kitanda cha pili alikuwa mama Mwislamu wa pale mjini, anauza nguo na leso. Aliona vitambaa vyangu akafungua begi lake, akatoa leso mpya akanifunga mwenyewe kiunoni. Akasema, "Hii usiikate." Alijua. Wote mle ndani walijua, hapakuwa na haja ya kumweleza mtu.

Sista mmoja akatuketisha akatueleza kwamba si uchawi wala si laana. Kichwa cha mtoto kikikaa sana njiani kinabana nyama mpaka inakufa, panabaki tundu. Jina lake ni fistula, na tundu hilo linashonwa. Mimi niliyekuwa nimeombewa, nikanyweshwa dawa za kienyeji za kila rangi, nilikaa pale nikisema moyoni: tundu tu? Ni tundu tu?

Nikafanyiwa upasuaji. Nikakaa na mpira wa mkojo, nikanywa maji mpaka nikachoka. Siku walipoutoa, sista akaniambia, "Mama, tembea mpaka dirishani urudi." Nikatembea. Nilikuwa nangoja ule umotomoto unaoshuka. Haukuja. Nikarudi kitandani, haukuja. Nikalala, nikaamka, nikapapasa shuka. Kavu! Nilipiga kelele hata yule nyanya wa Nyamarambe akadhani nimeumia. "Ni kavu!" Wodi nzima ikapiga vigelegele, na wengine walikuwa bado na mipira yao wanashikilia huku wanapiga vigelegele. Siwezi kuwadanganya kwamba wote tulipona siku moja. Yule nyanya ilibidi arudi mara ya pili. Lakini alipona, nimeenda kwake nikala ugali wake.

Siku niliporuhusiwa kutoka, baba alikuwa langoni kama alivyosema. Akamuuliza mjukuu, "Vipi?" Na binti yangu, mdomo ule, akasema kwa sauti, "Babu, kavu kama unga!" Mzee akatuacha hapo, akaenda kwa muuza mahindi akaanza kumgombeza ati mahindi yake hayajaiva. Yule mtu wa watu akaduwaa, mahindi yalikuwa yameiva vizuri sana. Baba yangu alikuwa analia.

Niliambiwa nisishike jembe kwa muda, nisibebe maji, na mengine ambayo mume wangu anayajua na aliyavumilia. Mama mkwe alinibebea maji, mwanamke wa umri ule, na hakuniruhusu hata kuinua sufuria. Daktari aliponiambia kidonda kimefunga, naweza kukimbia, binti yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Ana ukali wa babu yake.

Desemba iliyopita tukaingia mbio sote wawili. Mimi nilijifunga kitambaa ndani, na bado niliogopa. Soko zima liko pale! Tukaanza, yeye akapotea mbele, mimi nikabaki na wazee na wenye matumbo. Tukafika kwenye ule mlima wa chai. Nikiwa katikati ya mlima nikahisi kitu cha moto kinateremka pajani.

Nikasimama. Watu wakanipita. Nikasema basi, imerudi, hapa hapa, mbele ya wote. Nikaingia kati ya mistari ya chai, nikainama nikashika. Nikanusa mkono. Jasho. Jasho tu, jameni, la mtu anayepanda mlima! Nilikuwa nimesahau kwamba mwili una maji mengine. Nilicheka peke yangu mle kwenye chai, nikatoka, nikaendelea.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya soko nikamwona baba amesimama, kisogo barabarani. Kijana mmoja alikuwa anamwambia, "Mzee, geuka, wakimbiaji wanatoka huku." Baba akamjibu, "Nawaona." Nilipopita akasema, "Umechelewa. Wenzako wamemaliza soda." Halafu nikasikia vishindo vya gambuti, zile buti zake za mpira. Mzee ameingia barabarani nyuma yangu, anakimbia kwa mwendo wake. Binti yangu alikuwa amemaliza wa pili na amekasirika kwa nini si wa kwanza. Mimi nilikuwa karibu na mkia, na baba yangu ndiye aliyefunga mbio siku hiyo. Walimpa soda pia.

Namshukuru Mungu aliyenirudisha kati ya watu. Namshukuru mume wangu kwa lile bafu. Mama mkwe, asante. Madaktari na masista, siwataji, Mungu anawajua. Mama wa leso, asante, nimeivaa leo. Binti yangu, nisamehe kwa siku zile za migomba, nilikuwa nakutazama. Na baba yangu sitamshukuru hapa, mjukuu wake atampelekea maneno haya yote kabla hatujafika nyumbani.

Sisemi tuitupe chinsoni. Naipenda, nimelelewa nayo. Ninachosema ni kwamba kila nyumba ina mtu anayeruhusiwa kusema. Kama wewe huwezi, mtume yeye. Na mama akishikwa na uchungu, msingoje kama tulivyongoja sisi. Mbebeni.

Mwisho, kuna mama hapa ndani amesikiliza haya yote akiwa ameinamisha kichwa. Simjui, lakini najua yupo. Sikuiti mbele, mama, wala sitaomba mtu ainue mkono. Madaktari wanarudi mwezi ujao na mimi nawasindikiza wengine. Kwangu ni ng'ambo ya mto, lango la bluu. Njoo siku yoyote, sema umekuja kuomba chumvi. Usiseme kingine. Nitavaa viatu, twende.